Mkristo wa Visiwani na Mabadiliko ya Tabianchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa waumini wa Unguja na Pemba. Huulizwa baada ya ibada, kwenye jumuiya ndogondogo na kwenye semina za vijana. Machache huletwa na jirani zetu Waislamu wanaotaka kujua Kanisa limesimama wapi. Nimeyajibu kama katekista, kwa Biblia mkononi na kwa yale wataalamu wanayotueleza kuhusu bahari na hewa.

Hili si jambo la serikali na wataalamu? Kanisa linaingiaje humo?

Serikali ina kazi yake, na Zanzibar imekuwa na mkakati wake wa mabadiliko ya tabianchi tangu 2014. Wataalamu wana kazi ya kupima na kutuambia ukweli. Kanisa linaingia hapa kama linavyoingia msibani: kwa kuwa kuna watu walioumia. Tena lina agizo la zamani kuliko mkakati wowote. Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimweka mtu katika bustani ya Edeni “ailime na kuitunza”. Na Zaburi 24 inafungua kwa kutaja mwenye mali: “Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA.” Anayetunza mali ya mwingine hawezi kusema hesabu zake ni za serikali.

Nini hasa kinabadilika hapa kwetu? Mbona jua ni lile lile?

Tuanze na mwani, maana ndio unaolisha nyumba nyingi za pwani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kilimo cha mwani wa biashara kilishika kasi mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, kikaenea hadi Pemba. Aina zinazolimwa ni mbili, kotonii yenye bei nzuri na spinosamu yenye bei ya chini. Kotonii haistahimili joto. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na bahari imekupwa, maji yale ya kina kifupi hupata joto kupita kiasi, mwani ukapauka, ukalainika na kukatika, na mama akifika asubuhi anakuta kamba tupu baina ya vigingi. Tangu miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa sehemu nyingi, wakulima wakabaki na spinosamu. Ushauri unaotolewa sasa ni kuhamia maji ya kina, yenye ubaridi. Ni ushauri wa kweli, lakini unataka chombo na unataka mtu ajue kuogelea, na akina mama wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Ukisikia mtu anasema “watazoea tu,” mkumbushe hilo.

Bahari nayo imepanda. Kwa wastani wa dunia ni takribani sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya 20, na kasi inaongezeka. Mtu aliyesimama sokoni Darajani, mjini Unguja, anaweza kuona sentimita 20 si kitu. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, maji ya bamvua yameingia mpaka mashambani, na shamba lililokunywa chumvi halitoi tena mpunga. Wakulima hujenga matuta kuyazuia maji, na tuta huhitaji kurudiwa kila mara. Visima vya karibu na pwani vinageuka chumvi pia. Hapa tuwe wakweli: bahari ina sehemu yake, na sisi tunaovuta maji ardhini kupita kiasi, hoteli zikiwemo, tuna yetu.

Mwaka 1998, na tena 2016, joto la bahari liliyapausha matumbawe ya upande huu wa Bahari ya Hindi. Tumbawe likifa, samaki wadogo wanakosa pa kujificha, na wimbi linafika ufukweni na nguvu zake zote. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe ya bahari za joto yatapotea. Zikifika nyuzi 2, yatakwisha karibu yote. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya wastani wa kabla ya zama za viwanda. Mwaka mmoja hauhesabiwi kuwa mpaka umevukwa, kwa sababu kipimo ni wastani wa miaka mingi, lakini mvuvi wa Nungwi au wa Mkoani ana haki ya kuhofu.

Kisha kuna mvua. Mwenye mikarafuu kule Wete anahitaji siku kadhaa za jua mfululizo ili karafuu zikauke vizuri. Mvua isiyotarajiwa ikikuta majamvi yametandazwa uani, jasho la msimu mzima linapungua bei pale pale.

Sisi hatuna viwanda. Waliochafua hewa ni wengine. Kwa nini tubebe mzigo usio wetu?

Swali hili naliheshimu kuliko yote, kwa sababu lina haki ndani yake. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewaukaa inayotoka duniani kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi. Mtanzania wa kawaida hafikishi nusu tani kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi tani 4. Mama anayelima mwani hajawahi kupanda ndege. Yeyote anayesimama mimbarani na kumwambia mama huyo kwamba yeye ndiye aliyeipasha bahari joto, anamsingizia.

Lakini msome tena Msamaria wa Luka 10. Yeye hakuwa mnyang’anyi. Hakumpiga yule mtu wala hakumvua nguo, na hakuna hakimu ambaye angempata na hatia. Hata hivyo ndiye aliyeshuka kwenye mnyama wake, akafunga jeraha, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa kilichozidi. Kuhani na Mlawi nao hawakumpiga mtu yule. Walichofanya ni kupita upande wa pili. Yesu hakuuliza nani alisababisha. Aliuliza nani alikuwa jirani. Kwangu mimi jukumu la Mkristo wa visiwa hivi linaanzia hapo: tunawajibika kwa sababu tuko barabarani na tumemwona majeruhi.

Kumhudumia majeruhi hakumwondolei mnyang’anyi deni lake. Kanisa linaweza kumfunga jeraha huyu na kumkabili yule. Na sisi wenyewe yapo madogo yaliyo yetu: mikoko tunayoikata, mchanga tunaouchota ufukweni, mkaa tunaoununua bila kuuliza umetoka wapi. Hayo tuyatubu kwa ukubwa wake, bila kuyafanya makubwa kuliko yalivyo.

Mungu alimwahidi Nuhu kwamba majira hayatakoma. Kuhofia tabianchi si kukosa imani?

Ahadi yenyewe iko Mwanzo 8:22: “Muda nchi idumupo, majira ya kupanda, na mavuno, wakati wa baridi na wakati wa hari, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, mchana na usiku, havitakoma.” Tunaiamini. Kaskazi inavuma na kusi inavuma, na Mungu hajaiacha dunia yake. Ahadi hiyo haisemi kwamba tukifyeka mikoko yote bahari haitaingia shambani. Haisemi pia kwamba binadamu akijaza hewa kwa moshi wa karne mbili hakutakuwa na joto.

Yusufu alijua Mungu ni mwaminifu, na bado alipoifasiri ndoto ya Farao kuwa miaka saba ya njaa inakuja alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba. Hakuna aliyemwambia amekosa imani. Tena agano la upinde wa mvua, katika sura ya 9, Mungu hakulifanya na watu peke yao. Alilifanya na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Popo wa Pemba naye yumo.

Basi ni adhabu ya Mungu kwa dhambi zetu?

Yesu aliulizwa karibu swali hilo hilo, naye akataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Aliuliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo (Luka 13:4-5). Tunao mfano wetu. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika zaidi, na baada ya hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Nani atathubutu kusema watu wa Unguja walikuwa waovu kuliko wa Pemba? Ukienda kumfariji aliyepoteza shamba, usimpelekee hukumu.

Biblia inasema dunia itateketea. Ya nini kuhangaika na kitu kitakachochomwa?

Petro anayesema hivyo (2 Petro 3) anaendelea hapo hapo kuuliza: kwa kuwa hayo yote yatafumuliwa, imewapasa kuwa watu wa tabia gani? Hitimisho lake ni mwenendo mtakatifu, si uzembe. Ufunuo 11:18 inaongeza kwamba hukumu itawafikia “hao waiharibuo nchi”. Na jirani zetu Waislamu wana hadithi ya Mtume wao ambayo hunigusa kila ninapoisikia: Kiama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, basi kama anaweza, aupande.

Si tuliambiwa “kuitiisha” nchi?

Tuliambiwa, na sura moja baadaye tukaambiwa kulima na kutunza. Torati ilimkataza hata askari aliyezingira mji kukata miti yake ya matunda (Kumbukumbu la Torati 20:19). Huo ndio utawala Mungu aliokuwa akiufikiria.

Makanisa yenyewe yamesema nini?

Kwa Waanglikana, kuitunza dunia iliyoumbwa ni alama ya tano ya utume wa Kanisa, iliyoongezwa mwaka 1990. Na mwaka 2022, kwenye mkutano wa maaskofu wa Lambeth, ulizinduliwa mpango wa misitu wa ushirika wote wa Kianglikana. Kwa Wakatoliki kuna waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si’, unaokataa kutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Walutheri wanaweza kujifunza kwa ndugu zao wa Kilimanjaro, ambako Askofu Fredrick Shoo wa KKKT alijulikana kwa kampeni ya kupanda miti, na vijana wa kipaimara wakapewa miche ya kupanda kama sehemu ya mafundisho yao. Kutoka kwa Waorthodoksi tumepata tarehe 1 Septemba kuwa siku ya kuuombea uumbaji, jambo lililoanza mwaka 1989. Makanisa mengi sasa huendeleza maombi hayo hadi tarehe 4 Oktoba. Parokia isiyojua ianze lini, ianze hapo.

Hapa Wakristo ni wachache. Tutaweza nini peke yetu?

Peke yetu, kidogo sana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na walio wengi kabisa ni Waislamu. Kwa hiyo mpango wowote wa tabianchi unaobuniwa ndani ya ua wa kanisa bila jirani kushirikishwa umekosewa tangu mwanzo. Hili kwangu ni zaidi ya mbinu. Bahari haiulizi shamba ni la nani, na Msamaria aliyesifiwa na Yesu alikuwa mtu wa ibada tofauti na wale waliomsikiliza.

Wenzetu wametangulia katika mambo fulani, nasi tunapaswa kukiri hivyo kwa furaha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye kisiwa cha Misali karibu na Pemba, wavuvi walifundishwa hifadhi kwa kutumia aya za Qur’ani, wakati amri za serikali peke yake zilikuwa haziwafikii. Kisiwa Panza nako wavuvi wamekuwa wakikubaliana kulifunga eneo la pweza kwa miezi kadhaa ili wakue. Kanisa lijiunge na makubaliano kama hayo na liyatii. Kila mara halihitaji kuja na mradi wake wenye bango lake.

Mtu anachoma mkaa au anauza kuni za mikoko ili watoto wale. Tumwambie anatenda dhambi?

Kabla hujamwambia chochote, soma Yakobo 2:15-16, juu ya anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba, naye asimpe kitu. Kisha jiulize mkaa wake ananunua nani. Pilau la harusi zetu na la Krismasi hupikwa kwa mkaa huo huo. Mnunuzi ana sehemu yake, na mara nyingi ndiye mwenye nafasi ya kubadilika kwanza.

Mei 2024 Serikali ya Muungano ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na shabaha ya kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kikwazo cha nyumba nyingi ni ile fedha ya kuanzia, ya mtungi na jiko. Akina mama wa kanisani wanajua kucheza upatu. Upatu wa mitungi ya gesi unawezekana kabisa, na usifungiwe kwa Wakristo. Kwa anayeishi kwa mikoko yenyewe, ufugaji wa nyuki ndani ya mikoko ni kazi inayofanyika visiwani, na hapo mti ukisimama ndiyo unalipa. Mfuko wa huruma wa parokia ukitoa mizinga michache utakuwa umehubiri vya kutosha.

Jengo la kanisa lenyewe lifanye nini?

Paa la kanisa ni kubwa kuliko paa lolote jirani. Weka mifereji na tangi, uvune maji ya masika, na bomba liwe upande wa barabara ili jirani ateke bila kuomba ruhusa. Umeme wa jua nao ni wa busara hapa: tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila umeme wa gridi baada ya waya wa baharini kuharibika, na kila aliyekuwa na njia nyingine alishukuru.

Utabiri wa hali ya hewa utangazwe kanisani? Si mambo ya dunia hayo?

Matendo 11 ina jibu nisilowahi kulisikia likihubiriwa vya kutosha. Nabii Agabo alitangaza kwamba njaa kubwa inakuja. Wanafunzi wa Antiokia hawakungoja ifike. Kila mtu alitoa kwa kadiri ya alivyofanikiwa, msaada ukapelekwa Uyahudi. Walisikia onyo, wakachanga.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kiliposogelea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema. Onyo kama hilo likitoka Ijumaa au Jumamosi, lisomwe ibadani, litumwe kwenye makundi ya simu, na mtu apelekwe kwa wazee wasio na simu na kwa wavuvi walioko dago, kwenye kambi zao za uvuvi. Mithali 22:3: “Mtu mwenye busara huyaona mabaya na kujificha.” Tangazo hilo lisomwe kabla ya matangazo ya ndoa, wakati watu bado wanasikiliza.

Kanisa liseme nini kwa mataifa yaliyochafua?

Liseme walipe. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Soko hilo lilikuwa na wateja wake, mahesabu yake na watetezi wake waliosema uchumi hauwezi kwenda bila hilo. Mkristo anayesali pale hawezi kukubali hoja kwamba mafuta na makaa ya mawe hayaachiki kwa sababu yanaingiza fedha.

Mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 ulikubali kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu kwa nchi zilizo hatarini, na mwaka uliofuata, huko Dubai, mfuko huo ukaanza kuahidiwa fedha. Kilichoingia ni kidogo mno kikilinganishwa na madhara. Kazi yetu ni kuwa na ushahidi: parokia iandike ni mashamba ya nani yaliingiwa na bahari, mwaka gani, kisima kipi kimegeuka. Maaskofu wetu wana makanisa dada Ulaya na Marekani yanayowaandikia barua kila Krismasi. Hayo yaelezwe bila haya, tena kwa majina ya vijiji.

Tukitaka kupanda mikoko, tuanze kwa nani?

Kwa sheha wa shehia husika, kisha kamati ya uhifadhi ya pale kama ipo, na ofisi ya misitu ya wilaya. Msiende na miche garini kabla ya hapo. Upandaji mwingi hufa kwa kosa moja: watu hupanda palipo wazi na rahisi kufikika, kwenye tope la mbele ambako mikoko haijawahi kuota, au juu ya nyasi bahari, ambazo nazo ni malisho ya samaki. Waulizeni wazee na akina mama wanaookota kombe ni wapi palikuwa na mikoko zamani na kwa nini ilitoweka. Ikiwa iliondoka kwa kukatwa tu, na maji bado yanapita vizuri, pengine inatosha kupalinda, itarudi yenyewe. Ikiwa njia ya maji imezibwa, zibueni kwanza.

Mkoko wenyewe hupandwa kwa zile mbegu zake ndefu zinazoanza kuota zikiwa bado mtini. Chagueni zilizokomaa, zisizotobolewa na wadudu, na mzichomeke topeni zikiwa wima. Mlilana, aina nyingine ya mikoko, hukaa upande wa bahari, kwa hiyo msichanganye aina zote mstari mmoja. Angalieni jedwali la maji mchague siku bahari inakupwa sana asubuhi, na isiwe Ijumaa, ili jirani wa msikitini waje bila haraka. Pangeni pia siku za kurudi kukagua miche, na majina ya watakaokwenda yaandikwe kabla ya kuondoka.